Bibi Anasubiri Tramu Isiyokuja

Bibi yangu Etelka amesubiri tramu ileile kwa miaka kumi na saba, na anajua vizuri kwamba haiji. Reli zake zina urefu wa mita kumi na nane tu. Upande mmoja zinaishia nyuma ya duka la mikate, upande wa pili zinaingia kwenye ukuta uliochorwa anga, na anga lenyewe limeanza kubanduka pale chini, kwa hiyo ukikaribia unaona mawingu, kisha mbao. Kibao cha kituo kimeandikwa namba 88. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza hiyo 88 inaelekea wapi. Akafikiri kidogo.

"Inaelekea kwenye chakula cha mchana," akasema.

Kama nyumbani kwenu kuna televisheni, unapajua. Ni Uwanja wa Mlozi wa ile tamthilia, kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu jioni, tangu kabla sijazaliwa. Lakini ukimtafuta bibi usitazame katikati. Katikati yupo Daktari Balassa, ambaye ameoa mara nne, na mara mbili kati ya hizo amemwoa mwanamke yuleyule, Noémi. Wewe tazama nyuma ya bega lake la kushoto. Utamwona mama mfupi mwenye kapu la kijani, amekaa kwenye benchi la kituo, anaongea na mzee mwenye gazeti. Daktari analia, Noémi analia, mtu amepigwa na gari, mtoto amegundulika si wa baba yake, na wale wawili wanaendelea tu na maongezi yao. Huyo mwenye kapu ndiye bibi.

Alifikaje pale? Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na nne, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma. Kiwanda kikafungwa. Akauza tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Babu akafariki. Halafu siku moja jirani yake akamwambia, "Etelka, nisindikize, wanatafuta watu wa kupita njia kwenye Uwanja wa Mlozi, naogopa kwenda peke yangu." Wakaenda. Jirani akakataliwa kwa sababu kila kamera ilipogeuka alikuwa anaipungia mkono. Bibi akachukuliwa kwa sababu, walivyosema wenyewe, alikaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri tramu kweli.

"Nilikuwa nimechoka," bibi huniambia. "Nilikaa tu."

Sokoni watu humsimamisha. Yule mama muuza kuku wa soko letu la Csepel amewahi kumshika mkono kabisa, kisu mkono wa pili.

"Mama, wewe unakaa nao pale. Hebu mwambie daktari aache kumdanganya mkewe!"

"Nimemwambia mara ngapi," bibi akajibu. "Hasikii. Nipe mapaja manne."

Sasa, kuna jambo moja la pale uwanjani ambalo mtazamaji halijui, na bila hilo huwezi kumwelewa bibi. Watu wote wanaopita, wanaonunua mikate, wanaopiga soga kituoni, hawatoi sauti. Hata kidogo. Midomo inakwenda, mikono inakwenda, lakini koo limefungwa, kwa sababu vipaza sauti vinamtaka daktari na mkewe tu. Zogo la watu linabandikwa baadaye, kutoka kwenye kompyuta. Wageni wanafundishwa siku ya kwanza: fungua mdomo, sema "kabichi, viazi, kabichi, viazi," usitoe pumzi. Ukiijua siri hiyo, ukatazama kipindi, utaona nusu ya mji unaongea habari za kabichi.

Bibi hakuwahi kusema kabichi. Kwenye ukumbi wa mashine za kufuma huwezi kusikia hata mtu akikupigia kelele sikioni, kwa hiyo wanawake wa kiwandani wote walikuwa wanaongea kwa midomo mitupu, na kusomana kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Walisengenyana hivyo, wakatafutiana wachumba hivyo, wakapeana mapishi. Mimi mwenyewe amenifundisha tangu darasa la pili, na imenisaidia sana shuleni, lakini hayo tuyaache.

Basi walipomkalisha bibi karibu na mzee mwenye gazeti, akamgeukia akamwambia kwa midomo, "Habari yako, mzee? Hivi viatu vinanibana."

Mzee Dezső akashtuka. Akajibu, "Kabichi."

Ilichukua karibu mwaka, bibi anasema, hadi mzee akaweza kusoma sentensi nzima. Kazi yake ya zamani ilikuwa kutengeneza mizani, zile za sokoni na za posta, peke yake kwenye chumba chenye dirisha dogo, na ukimtazama unaona ni mtu aliyezoea kungoja sindano itulie. Alijifunza polepole. Lakini alipojifunza, hakunyamaza tena! Alimweleza bibi habari za utoto wake Szatmár, mafuriko ya mwaka wa sabini, dada yake Irma, mbwa watano aliowafuga na tabia za kila mmoja. Bibi alimweleza ya kwake. Miaka kumi na saba, siku nne kwa wiki, nyuma ya bega la daktari.

Na nje ya benchi lile? Hakuna. Neno halitoki. Mzee Dezső ana kigugumizi, na si kile kidogo. Akitaka kuomba chumvi, uso unakuwa mwekundu, shingo inakaza, na chumvi inakuwa imeshapitishwa na mtu mwingine. Lakini akiongea bila sauti, kigugumizi hakipo. Kimepotea kabisa. Nilipomwona mara ya kwanza kituoni, midomo yake inatiririka kama mtangazaji wa habari, kisha nikamwona kantini anahangaika na neno "asante," nilidhani ni watu wawili.

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, nilikuwa naenda na bibi karibu kila siku, kwa sababu shule imefungwa na nyumbani joto halikaliki. Pale uwanjani joto lilikuwa vilevile, ila lilikuwa na koti. Wanarekodi miezi miwili kabla, kwa hiyo Agosti yetu ni Oktoba yao. Ule mlozi wa plastiki ulikuwa umevalishwa majani ya njano, na watu wote walikuwa na skafu, jasho linawatiririka hadi kwenye soksi. Mimi nilikaa nyuma ya kamba, karibu na nyaya, na chupa ya maji.

Mzee Dezső alianza jambo lake Jumatatu, akaliendeleza Jumanne, akalifikisha Alhamisi. Bibi alinisimulia kwenye basi, tukirudi, kipande kwa kipande, kama nami nafuatilia mfululizo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ana kinyumba kijijini, mbele ya Vác, chenye miti kumi na minne ya plamu. Kila mwisho wa Agosti yeye na dada yake Irma walikuwa wanapika jamu kwenye sufuria kubwa la shaba, uani, kutwa nzima. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja hawezi. Huyu anakoroga, yule anachochea moto, kisha wanabadilishana, maana ukiacha kukoroga hata kwa muda wa kupenga kamasi, imeungua. Irma amefariki mwezi wa Februari. Plamu zimeshaiva, zimeanza kukunjamana kwenye kikonyo, ndipo zinapokuwa tamu. Tarehe mosi Septemba atakuja mtu mwenye mtambo wa pombe kali, azikung'ute zote, azipeleke pipani. Baada ya hapo mzee atauza nyumba na kwenda kukaa kwa mpwa wake, Pécs, mbali kabisa, kwa sababu uani peke yake hawezi kukaa anatazama sufuria.

"Isipokuwa," alisema kwa midomo, Alhamisi, gazeti limeshuka magotini, "wewe uje tukoroge pamoja. Ukija, siuzi. Unaonaje, utakuja?"

"Kata! Asanteni, tumepata!" akapiga kelele mwongozaji, na watu wote wakakimbilia kivulini.

"Na wewe ukamjibu nini?" nikamwuliza bibi, nusura nianguke kwenye kiti cha basi.

"Sikumjibu. Walikata."

"Bibi! Si ungemwambia tu mnavyotembea?"

"Nilitaka nilale nalo hilo swali siku mbili tatu, Bori. Si swali la kujibu huku umevaa koti la sufu." Akatazama dirishani. "Nitamjibu Jumatatu."

Jumatatu akaja mwongozaji mpya.

Anaitwa Csilla, ametoka kwenye matangazo ya biashara, ni mwembamba, anatembea haraka, na kusema kweli si mtu mbaya. Alizunguka uwanja mzima na kahawa yake mkononi. Alipofika kituoni akasimama.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaongea," akasema Gergő, msaidizi wake.

"Wanaongea? Kituoni?" Akacheka. "Nani siku hizi anaongea na mtu kituoni? Wape simu. Kila mtu hapa atazame simu. Midomo imefungwa, shingo chini. Ndiyo maisha."

Ningependa kusema amekosea, lakini nilifikiria kituo chetu cha Csepel saa moja asubuhi, mimi mwenyewe nikiwemo.

Wakagawiwa simu za bandia, hazina betri wala chochote, vioo vyeusi tu. Bibi aliniambia siku nzima alikuwa anatazama pua yake. Mzee Dezső alikaa hatua moja kutoka kwake, shingo chini, gazeti limechukuliwa. Alipojaribu kuinua macho, sauti ikatoka kwenye kipaza: "Babu wa kituoni, simu! Simu!"

Kila siku ilikuwa hivyo. Jumanne. Jumatano. Mimi nilikuwa nahesabu siku za plamu kichwani.

"Mwandikie barua," nikamwambia bibi.

"Ataisoma akiwa peke yake. Uso wake nitauonaje?"

"Basi mpigie simu."

"Dezső hapokei simu hata ikiwa ni zimamoto."

"Basi mwambie kantini, kwa sauti, mambo yaishe! Neno moja tu."

"Mimi neno moja. Na yeye? Akishajibiwa kwa sauti, itabidi naye ajibu kwa sauti. Mbele ya wale."

Lakini Jumatano mchana alijaribu, nadhani kwa sababu yangu, nilikuwa nimemsumbua sana. Alichukua trei yake, supu ya maharage na skonzi mbili za jibini, akaenda kukaa mbele ya Mzee Dezső, ambaye hula akitazama ukuta. Mzee akaweka kijiko chini. Nikaona shingo inakaza.

"Bi... bi... bi..."

"Biskuti!" akadakia kijana wa meza ya pili, mmoja wa wale wapita njia wa mwaka jana. "Birika! Biriani! Babu, tupe herufi nyingine!"

Meza nzima ikacheka. Mzee akainuka, akaacha supu inatoa moshi, akatoka.

Bibi aligeuka taratibu.

"Wewe kijana," akasema, "una mwaka mzima hapa na bado hujajua kupita njia. Unapita kama mtu aliyesahau kufunga zipu. Kula, kinywa kipate kazi."

Wakamcheka yule kijana sasa, lakini ilikuwa haisaidii tena. Jioni kwenye basi, tulipofika darajani, bibi akahesabu siku kwa vidole.

"Kesho ni ya mwisho," akasema. "Ijumaa hawarekodi. Jumatatu ni tarehe mosi."

"Utafanyaje?"

"Aliniuliza kwenye benchi. Nitamjibu kwenye benchi."

Alhamisi ilikuwa siku ya figo. Daktari Balassa alikuwa amegundua ana pacha, pacha anahitaji figo, na sasa anamuaga Noémi kituoni kabla ya kwenda kupasuliwa. Onyesho la kufunga wiki nzima. Kamera tatu, kipaza sauti juu ya vichwa vyao kwenye ufito mrefu, na bibi na Mzee Dezső wako nyuma kabisa ya mabega, kila mmoja na kioo chake cheusi. Joto nyuzi thelathini na nne.

Walirudia mara kumi na moja! Mara ya kwanza ndege ilipita. Mara ya nne daktari alisema "ini" badala ya "figo." Mara ya saba nzi alitua juu ya pua ya Noémi akakataa kuondoka. Csilla alikuwa ameshakunywa kahawa tano na jua lilikuwa linaelekea kwenye paa la duka la mikate, likishavuka hapo uwanja unakuwa kivuli na kazi imekwisha.

Mara ya kumi na mbili ikawa ile yenyewe. Hata mimi nilisahau chupa ya maji mkononi. Noémi alikuwa anatazama uso wa daktari, na chozi, chozi la kweli, lilikuwa limefika ukingoni mwa jicho likawa linasita.

Hapo ndipo bibi alipoweka simu chini juu ya kapu, akamgeukia mzee.

Nilimsoma vizuri kabisa. Midomo yake iko wazi kama maandishi ya ubaoni.

"Nitakuja Jumamosi," akasema bila sauti. "Treni ya saa moja asubuhi. Bori nitakuja naye, atoe kokwa."

Mzee Dezső aliinua macho. Simu ikamteleza, ikaangukia kwenye skafu, bahati nzuri haikulia. Uso wake, sijui nikueleze vipi, ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake halisi baada ya muda mrefu. Yangeishia hapo, yote yangekuwa sawa, daktari angeenda zake kutoa figo. Lakini bibi yangu hajui kuishia.

"Ila nakuambia mapema," akaendelea, kidole kimeinuka. "Nikikukuta unatia sukari, napanda treni narudi."

Sasa, inabidi ujue kwamba mtu wa Szatmár unaweza kumwita mwizi, unaweza kumtukana farasi wake, na bado akakukaribisha ndani. Lakini jamu ya plamu ya Szatmár haina sukari. Haijawahi kuwa na sukari. Ni plamu, moto, na mkono. Miaka mingi namna ile wametazamana, na huyu mama anaona atatia sukari?

"S-s-sukari?" akasema Mzee Dezső. "K-k-kwenye *plamu*?"

Kwa sauti. Kubwa, nzito, nzuri hata, mimi sikuwahi kujua kama ana sauti nzuri. Ilipita juu ya uwanja wote, ikagonga ukuta wenye anga.

Chozi la Noémi likarudi ndani.

"Kata!" Csilla alikuwa ameshasimama. "Nani amesema sukari?"

Watu arobaini, makoti arobaini. Bibi alikuwa anafungua mdomo, najua alitaka kusema ni yeye, lakini Mzee Dezső alishainuka kwenye benchi. Shingo ikakaza. Uso ukawa mwekundu. Yule kijana wa biskuti alivuta pumzi, na bibi akamtazama. Akamtazama tu. Kijana akaifunga ile pumzi.

"M-m-m..." akasema mzee. Tukangoja. Hakuna pa kwenda, kamera zimesimama, kila mtu anamtazama yeye. "M-mimi. Sa-samahani sana. L-lakini h-huyu mama..." Akatulia, kama anasubiri sindano ya mizani. "Huyu mama a-a-amenituhumu."

Aliyecheka wa kwanza ni Noémi mwenyewe. Si cheko la kumcheka, lile la mtu aliyelia mara kumi na mbili kwa siku moja na amechoka.

"Mama yangu alikuwa anatia," akasema. "Vijiko viwili."

Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli. "P-p-pole, binti yangu."

Ndiyo ikawa imeharibika kabisa. Fundi wa sauti akavua vile visikizio akasema kwao Debrecen anayetia sukari haolewi. Mama wa vipodozi akasema ujinga mtupu, kidogo lazima, na mdalasini juu. Daktari Balassa, ambaye kwenye televisheni hajawahi kuwa na maoni isipokuwa kuhusu wanawake, akasema kwao walikuwa wanaweka majani ya mti wa mwalnati. "Majani ya mwalnati?" wakapiga kelele pande zote mbili. Csilla alikuwa anazunguka katikati yao akionyesha paa.

"Nina dakika ishirini za jua! Jamani! Jua! Gergő, watoe hawa wawili!"

Gergő akawatoa. Wakapita mbele yangu wamevaa makoti ya Oktoba, bibi na kapu, mzee na mikono mitupu, wote wanatazama chini kama watoto waliofukuzwa darasani, na bibi, naapa, alikuwa anajikaza asicheke. Getini walingoja basi pamoja, basi la kweli, na mimi nikakaa mbali kidogo makusudi. Sikuona midomo yao. Ila nilisikia, vipande vipande, sauti ile nzito inapanda, inakwama, inapanda tena, na bibi hasemi kitu, anangoja.

Ijumaa Gergő alipiga simu. Alikuwa mpole, kwa kweli anampenda bibi. Akasema hawajafukuzwa, watu wameshawazoea machoni. Ila Csilla hawataki tena benchi moja. Bi Etelka atasimama mbele ya duka la dawa, Mzee Dezső kwenye foleni ya mikate, ng'ambo.

"Sawa, mwanangu," bibi akasema, na macho yake yalikuwa kwenye mkoba aliokuwa anaupanga. "Ile simu ya bandia nayo nirudishe, au mnaiacha?"

Jumamosi tulipanda treni ya saa moja. Bibi alikuwa amevaa aproni chini ya gauni la safari, ili asipoteze muda. Mzee alitungoja kituoni Vác na gari la jirani yake, akatupeleka. Plamu zilikuwa tayari kwenye ndoo na beseni, bluu iliyofifia kama imepakwa vumbi, na nyigu tayari wameshajua. Nilitoa kokwa hadi vidole vikawa vya zambarau. Mwiko wa kukorogea ulikuwa na shingo iliyopinda kama herufi L, nao mrefu kuliko mimi, ili anayekoroga akae mbali na moto na zile plamu zinazoruka kama risasi.

Jambo nililoligundua mimi, na sidhani wao waliligundua, ni kwamba mtu anayekoroga hawezi kuinua macho. Jamu ikianza kuwa nzito lazima uitazame chini, pembeni, pale inaposhika. Bibi alikuwa ameinama kwenye sufuria, moshi unamwingia machoni, na Mzee Dezső alikuwa upande wa pili, anachochea moto. Nikamwona ameinua uso, midomo inakwenda kama kituoni, haraka, vizuri, bila kukwama popote. Alikuwa anaeleza kitu kirefu kuhusu Irma. Alieleza karibu chote, kisha akangoja. Bibi hakuwa ameona hata neno moja.

"Unasema na mimi?" akauliza, macho kwenye sufuria. "Siwezi kukutazama, itashika. Sema kwa sauti."

Mzee akanitazama mimi. Nikajifanya naipigania kokwa moja kwa nguvu zote.

"I-I-Irma," akaanza.

Bibi alikoroga. Hakumsaidia neno, hakutikisa kichwa kumhimiza. Mwiko ulikwenda mara mbili katikati, mara moja pembeni, mara mbili katikati. Na habari ya Irma ikatoka, nzima, tangu mwanzo. Jinsi walivyoanguka wote wawili mtini wakiwa wadogo na kila mmoja akasingizia mwenzake. Ilichukua hadi jua likafika juu ya banda la kuku. Kituoni ingemchukua dakika mbili.

"Na nani alikuwa ameanza?" bibi akauliza.

"Y-y-yeye," akasema Mzee Dezső.

"Bila shaka. Sasa njoo ushike hapa, mkono umekufa. Na usiache kuongea."

Wakabadilishana. Akakoroga yeye, macho chini, na akaendelea.